Mlango wa Lakhamshi Usio na Nyumba

Shella, Malindi
Jumatano, mwezi wa Mfungo Saba, mwaka 1331

Kwa mtukufu Liwali wetu wa Malindi, Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe na subira, maana barua hii ni ndefu na mwenye kuiandika ameudhika.

Shikamoo. Baada ya kukuamkia wewe na wote waliomo nyumbani mwako, wakubwa kwa wadogo, najijulisha. Mimi ni Mbwarahaji bin Shee, mshona kofia, mkaazi wa Shella, nyumba ya pembeni yenye baraza ndefu ya chokaa. Ikiwa umenisahau, mimi ndiye niliyefiwa na mke wangu, Mwanatumu, mwaka juzi, nawe ulikuja maziko ukasimama juani mpaka mwisho. Nilikushukuru siku ile, na leo nakushukuru tena kabla sijaanza kukusumbua.

Ninalolitaka ni moja tu: nirudishiwe utulivu wa baraza yangu. Aliyenipokonya ni jirani yangu Lakhamshi, mwenye duka la nguo na nafaka, mtu mwema ambaye sina ugomvi naye wa kitu kingine chochote. Amenipokonya kwa mlango. Mlango wenyewe ni wa banda la motokaa, na huu ni mwezi wa tatu hajaamua aupake nini.

Najua utasema: Mbwarahaji, pilipili usozila zakuwashiani? Basi nakuhesabia pilipili zenyewe, moja baada ya moja, uone kama haziwashi.

1. Mlango huo hauna nyumba. Ada yetu ya kujenga waijua: mlango husimamishwa kwanza, ukuta ukaufuata. Lakhamshi, kwa kuiheshimu ada ya mji aliozaliwa, akasema hata banda lake la motokaa litajengwa vivyo hivyo. Akamwita Fundi Gona, ambaye kwa kazi ya mbao hana mpinzani toka hapa hadi Kilifi, akamchongea mlango wa mbambakofi wa pande mbili, mrefu kumshinda ngamia, mpana kiasi cha ng'ombe wanne kupita sambamba wasigusane. Ukasimamishwa kiwanjani, ukategemezwa magogo mbele na nyuma. Hapo Fundi Gona akatamka neno ambalo natamani angelimeza. Alisema miimo ya mlango lazima ipakwe kabla mawe hayajaizunguka, maana ikishaingia ukutani, mchwa wataifikia na burashi haitaifikia. Waashi wakaziweka chini timazi zao, wakakaa kungojea mlango upakwe. Wanangoja mpaka leo. Tumebaki na mlango mkubwa uliofungwa kwa komeo, na nyuma yake hakuna kitu ila magugu na fungu la mawe.

Nawe hutaamini, lakini watu wanaupigia hodi. Mtu mzima na ndevu zake anakuja kumtafuta Lakhamshi, anasimama mbele ya mlango ule, anapiga hodi, anangoja, anapiga tena. Hapiti ubavuni, na ubavuni kumekaa wazi! Basi mimi kutoka barazani kwangu ndiye ninayeitikia karibu, kwa kuwa si uungwana kumwacha mtu na hodi yake mdomoni. Akishasikia karibu, anageuka, ananiona, anakuja kuketi. Ndivyo balaa lilivyoanza.

2. Lakhamshi hataki kukisia. Alisema atajaribu kila kitu kidogo kidogo, baka moja moja, kila moja kiasi cha sahani, kisha achague lililo zuri. Akaanza na lami, kwa ushauri wa waliosema masika hayana huruma na mbao. Jua la saa sita likaiyeyusha ikatiririka hadi chini, mbuzi wa watu akaja kujikuna akagandana, ikabidi anyolewe ubavu mzima. Likafuata baka la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya baharini. Mbao ziliyapenda, siwezi kusema uongo. Lakini na paka waliyapenda. Paka wote wa Shella walikuja wakaketi mbele ya mlango kwa safu, macho juu, siku tatu, kana kwamba wanangoja hotuba. Ikaja deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa wa kupaka majahazi, ikaja chokaa, ikaja rangi ya kijani ya mkebe kutoka Bombay, ikaja vanishi inayong'aa hata vijana wakawa wanakwenda kujitazamia na kuweka sawa vilemba.

Na hapo simtaji Labhuben, mke wa Lakhamshi, ambaye hashuki chini bali anaamrisha kutoka dirisha la juu. Yeye anataka nyekundu yenye ukingo wa manjano, maana kitu kigeni kikiingia nyumbani sharti kipite penye heri. Alipoona mumewe anazungusha maneno, akatuma shada la majani ya mwembe litundikwe juu ya kizingiti. Mbuzi yuleyule, aliyenyolewa ubavu, akapanda juu ya fungu la mawe akalila lote. Labhuben akasema ni ishara. Ya nini, mpaka leo hajasema.

3. Baraza yangu, kwa bahati mbaya, inatazamana na mlango huo uso kwa uso, na ikifika alasiri ndiyo yenye kivuli. Sasa mimi nina kosa gani katika hilo? Babu yangu aliijenga akitazamia upepo, hakutazamia motokaa. Anayetaka kuyalinganisha mabaka bila kuunguzwa na jua hana pengine pa kukaa. Nawe mwenyewe ni mtu wa ada: aliyeketi barazani kwa mtu haulizwi kilichomleta, hafukuzwi, na haachwi bila kahawa. Walianza wawili. Jumapili iliyopita walikuwa kumi na tisa, na wengine watatu wamesimama.

Kahawa niliyozoea kuinywa mwezi mzima sasa haimalizi siku nne. Dele langu la kahawa limetoboka kitako kwa kukaa motoni. Kazi yangu ya kushona nayo imeharibika: nilikuwa na kofia ya viua ya bwana harusi mmoja, kazi ya kuhesabu tundu kwa tundu, nikasikia mtu nyuma yangu anasema chokaa ni ya makaburi na misikiti wala si ya motokaa, nikageuka kumjibu. Nilipoirudia kofia sikujua nilipofika. Imetoka upande mmoja maua, upande wa pili misumari ya mlango. Bwana harusi aliivaa hivyo hivyo, na mkwewe akamuuliza kama amekuja kuoa au kujenga.

4. Mji umegawanyika. Kuna Watu wa Mafuta, kuna Watu wa Rangi, kuna na wachache wa lami ambao hawaketi karibu na mtu. Mashemeji wawili wa hapa Shella hawasalimiani kwa ajili ya vanishi. Kinyozi Kiponda, aliyehamishia kiti chake chini ya baraza yangu kwa kuwa wateja wote wako huku, alikuwa akimnyoa Fundi Gona mwenyewe. Fundi akasema kijani ni rangi ya kuficha ufundi mbaya. Kiponda ni wa kijani. Aliinuka wembe mkononi akaanza kueleza, akaeleza mpaka adhana ikaita, na Fundi Gona akaenda kusali kichwa kikiwa nusu shamba nusu jangwa, akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili isivuke mpaka.

5. Sasa sikiliza lililotokea kwa Kanze. Huyu ni mama wa Kigiriama kutoka Sabaki, huja kuuza nazi na mafuta ya nazi, na kwa kuwa wanunuzi wote wako barazani kwangu, naye huweka kapu lake hapo. Siku moja alichomwa na mwiba, akaushikilia ule mlango kwa kiganja ili autoe mwiba. Akautoa, akaenda zake. Kesho yake watu wakaona baka jipya, dogo, la rangi ya asali, na nyuzi za mti zinaonekana ndani yake zimetulia vizuri. Lo! Wakabishana siku nne: hii ni dawa gani, imetoka Bombay au Maskati, na nani aliyeileta. Mmoja aliapa anaijua harufu yake kutoka Basra. Kanze alikaa hapo hapo, chupa ya mafuta mapajani, akiwatazama usoni mmoja mmoja, asiseme neno. Mimi nilimwona akiushika mlango, na sikusema pia. Kwa nini sikusema, hilo siwezi kukueleza vizuri.

Ni Kanze huyohuyo aliyeuliza swali ambalo sisi wanaume hatukuliuliza kwa miezi mitatu. Aliuliza hiyo motokaa, ambayo ingali Mombasa imefunikwa turubai ikingojea banda, ikishafika hapa itakwenda wapi. Kaskazini kuna mto Sabaki na hakuna daraja. Kusini kuna kivuko cha Kilifi, na mashua yake hubeba watu na kuku. Kutoka dukani hadi ufukweni ni mwendo wa mtu kumaliza embe moja. Nilisikia mpaka ugolo ukipita puani mwa mzee mmoja. Kisha mtu akauliza kama kwa safari fupi namna hiyo si bora deheni, tukaanza upya.

6. Nilikwisha kukushitakia kwa mdomo, nawe kwa wema wako ukanitumia askari wawili waje wawatawanye watu. Nakushukuru kwa kuwatuma. Walifika adhuhuri. Kwa heshima yako niliwakaribisha kahawa kwanza. Alasiri mmoja wao alikuwa wa vanishi, mwenzake wa sifa, na ilipokaribia magharibi mimi ndiye niliyewaamulia wao wasishikane mashati. Kesho yake walirudi bila kutumwa. Sasa ikiwa wenye amri wamekuwa hivyo, raia tutakuwaje? Wiki ijayo, Liwali, utakuja wewe mwenyewe kwa kisingizio cha kukagua, na nakuapia utakuwa wa nyekundu.

7. Hili la mwisho nimelirudisha nyuma kwa sababu ndilo linaloniuma.

Marehemu Mwanatumu alikuwa na finjani kumi na mbili za maua ya samawati, alizoletewa na mjomba wake siku ya harusi yetu. Akiwapenda wageni, ndizo alizozitoa. Asipowapenda, walinyweshewa vikombe vya bati. Alipofariki nilizifunga kwa leso yake, nikazitia sandukuni, nikaapa hakuna atakayezinywea tena.

Nilikuwa nimeupanga msiba wangu vizuri. Asubuhi nashona, mchana nalala, alasiri nakaa barazani peke yangu nikikitazama kiwanja cha Lakhamshi, ambacho wakati ule kilikuwa kitupu kweli, na magharibi naingia ndani nafunga. Watu walipita wakinisalimia kwa sauti ndogo, kama wapitao kando ya makaburi, wakaenda zao. Miaka miwili mtu hakuketi. Nilizoea, na mtu akizoea jambo si vyema kumsumbua.

Basi wageni walipozidi vikombe vyangu, nilifanyaje? Nilifungua sanduku. Niliziosha mwenyewe moja moja na kuzitoa nje, na mbele za watu niliona haya kama ninayemtoa Mwanatumu mwenyewe barazani bila buibui. Lakhamshi, katika kuitetea vanishi yake, akaigonga moja ikamomonyoka ukingo. Alitokwa na machozi, mtu mzima wa duka, akataka kuagiza nyingine hata kama ni Uchina. Nilimwambia aache, nikaendelea kumtilia kahawa katika ileile. Na siku hiyohiyo ndiyo ya kichwa cha Fundi Gona, nami nikacheka. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Niliisikia sauti yangu ikirudi kutoka ndani ya nyumba, nikageuka haraka, nikidhani kuna mtu ndani anayecheka nami. Hakukuwa na mtu.

Sasa nakuuliza kwa adabu: mfiwa mzima, nacheka barazani kwa ajili ya mlango wa mwenzangu, huzuni yangu niliyoitunza miaka miwili imechezewa namna hii, hiyo ni haki?

Kwa hayo yote naomba utoe amri. Lakhamshi achague kabla ya Ijumaa, achague chochote, hata lami. Waashi washike mawe. Watu walioko barazani kwangu watawanyike kwa heshima, baada ya kuimaliza kahawa iliyokwisha pikwa, maana kuimwaga ni israfu. Anayetaka kubishana akabishanie kwake.

Mimi mwenyewe sina upande. Nalisema hili kwa kuwa wapo watakaokuambia kwamba ni mimi niliyesema kijani cha asubuhi si kijani cha alasiri. Ni kweli nilisema, lakini nilisema mara moja tu, Jumatatu ya wiki iliyopita, na kwa sauti ya kawaida. Kama walibishana juu yake mpaka Alhamisi, si makosa yangu.

Nisalimie wote wa nyumbani, mkeo, wanao na mamako mzazi, mwambie bado naikumbuka dua aliyotuombea. Wasalimie na askari wawili, ingawa nadhani nitawaona kabla yako. Kofia yako ya Idi iko tayari kasoro ukingo, na hiyo haina misumari.

Ni mimi nisiye na raha, jirani wa mlango,
Mbwarahaji bin Shee

Nyongeza, Jumamosi asubuhi. Barua hii ilichelewa kwa kukosa mpelekaji, na mambo yamegeuka.

Alhamisi Lakhamshi alikuja peke yake, akaniambia amechoka na ameamua. Atapaka kile cha rangi ya asali. Akamwita Kanze kumuuliza kama huko mashambani wanaijua dawa hiyo, na Kanze akamfungulia chupa ya mafuta ya nazi mbele ya macho yake, akamwuzia zote alizokuwa nazo. Kufikia jua kutua miimo ilikuwa imekwisha pakwa, na uso wa mbele wote, mabaka yote yamekwanguliwa. Ni mzuri, siwezi kukataa, hata Labhuben alinyamaza dirishani. Watu walipongezana. Mashemeji walipeana mikono. Waashi walisema wataanza Jumapili. Kiponda alimalizia kichwa cha Fundi Gona, akabeba kiti chake akarudi sokoni.

Jana Ijumaa nilitoka msikitini nikateleka dele jipya. Nikaziosha finjani zote kumi na mbili, nikazipanga. Alasiri ikafika na kivuli chake. Watu walipita, Liwali. Walipita wakanisalimia kwa sauti ndogo, wakaenda. Nilikunywa finjani tatu, kahawa iliyobaki nikaimwaga, na sijapata kuona kahawa nyingi kama ile. Niliumia. Nakuambia waziwazi kwa kuwa wewe ulisimama juani: niliumia kama siku ya tatu ya matanga, wageni wanapoondoka.

Kwa hiyo, yote niliyoyaandika hapo juu yachukulie kuwa yamesemwa na mtu mwingine. Ninaloomba sasa ni amri ya kuwazuia waashi. Wasiweke hata jiwe moja, kwa sababu Lakhamshi ameamua upande wa mbele tu. Upande wa ndani, ambao ndio motokaa itakaoutazama maisha yake yote, haujaamuliwa. Leo baada ya sala ya alfajiri nilivuka njia na manjano ya jikoni niliyoyakoroga kwa mafuta, nikapaka baka moja huko nyuma, kiasi cha kiganja. Mungu anisamehe. Si baya sana, ila sina hakika litaonekanaje alasiri.

Ukija kukagua, finjani yenye ukingo uliomomonyoka ni ya Lakhamshi, chagua nyingine yoyote. Naikunja barua hapa. Kuna mtu anapiga hodi, na safari hii anapiga kwangu.